Jina Nililolisikia Chini ya Cherehani

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na usiende kumwambia mama yako nimesema hivyo. Ilikuwa alasiri, Kitale, miaka ile vyama vingi vilipoingia na kila mtu akawa mwanasiasa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka kwetu Bungoma na cherehani yangu ya kukanyaga, nikishona kwenye veranda ya duka la vitambaa la Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, tuliyemwita Babuji.

Siku hiyo alikuja Mwalimu. Alikuwa na jina lake, lakini mji mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa ameacha chaki ili agombee ubunge. Tulimpenda sana. Alisema kwa sauti mambo ambayo sisi tulinong'onezana. Alikuja kuchukua koti nililokuwa nimelipunguza mikono, akalivaa, akasimama mbele yangu na kunitania, "Fundi, sasa nafanana na mbunge ama bado?" Sikuwahi kumjibu. Risasi zililia, moja, kisha mbili kwa pamoja, na Mwalimu akaangukia meza ya vitambaa.

Mimi niliingia chini ya cherehani. Nakwambia sasa kwa sababu kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Niliingia chini ya cherehani, kichwa nikakibana katikati ya magoti. Nilipochungulia niliona mgongo wa mtu mwenye jaketi ya kahawia akikimbia kichochoroni, kando ya duka, kuelekea ukuta wa nyuma. Mwenzake alikuwa ameshapanda juu ya ukuta, akapiga kelele, "Luka! Luka!" Wakaenda zao. Basi, hayo ndiyo yote niliyoyaona na kuyasikia.

Askari waliniuliza kama nilisikia jina. Nikasema, Luka. Na pale mtaani Tuwan tulipokuwa tukiishi kulikuwa na Luka ambaye kila mtu alimjua, msukuma mkokoteni, mtu wa kutoka kule Kwanza, nje ya mji, tena mwenye mdomo. Wiki hiyo hiyo alikuwa amegombana na Mwalimu sokoni mbele ya watu. Si ndiye huyo! watu wakasema. Hata jaketi ya kahawia anayo! Ni kweli alikuwa nayo. Jaketi za kahawia za mitumba zilijaa Kitale nzima, na nyingine nilizitia zipu kwa mikono yangu hii, lakini hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Afisa akauliza, "Uso wake uliuona?" Nikasema, "Kidogo." Wiki iliyofuata nikasema nilimwona upande mmoja. Kesi ilipofika, nilikuwa nakumbuka kabisa jinsi alivyogeuka akanitazama, na kovu lake juu ya jicho. Usifikiri nilikuwa nadanganya, mwanangu. Afadhali ningekuwa nadanganya, maana mwongo anajua anachokificha. Mimi nilikuwa nikifumba macho namwona Luka. Kila nilipoulizwa, uso wake ulizidi kuwa wazi, na niliulizwa mno! Nilinunuliwa chai, nikapewa kiti, wazee wakanyamaza nikiongea. Utamu wa kusikilizwa, wacha tu.

Babuji peke yake ndiye aliyenipinga. Aliniita ndani ya duka akasema polepole, "Fundi, mimi nilikuwa nimesimama, na niliona mgongo tu. Wewe ulikuwa chini." Nilikasirika vibaya. Nikazunguka nikiwaambia watu kwamba Mhindi anaogopa duka lake lisichomwe. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kesi ilisikizwa Bungoma. Niliingia kizimba cha mashahidi na suti niliyojishonea mwenyewe. Nikasema, "Mwenzake akamwita, Luka, Luka, naye akaluka ukuta." Watu wa Kitale waliokaa nyuma wakacheka matamshi yangu. Unatujua sisi wa Bungoma na hizo herufi mbili. Jaji akawanyamazisha, nami nikaendelea. Hakuna mtu aliyeshtuka, hata wakili wa Luka, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta karatasi kwenye faili. Luka akanitazama, akasema, "Fundi, si unanijua? Si ni wewe ulinishonea suruali juzi tu?" Akaambiwa anyamaze. Mama yake alikuwa kwenye benchi la mbele, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, ananitazama midomo.

Luka alihukumiwa kunyongwa. Nilishangiliwa nje ya korti.

Miezi mitatu baadaye nilienda nyumbani kumwona baba. Mvua ilikuwa imechimba mtaro mbele ya boma letu, na mimi nilikuwa na viatu vipya, nikasimama ukingoni nikiyatazama yale maji. Baba alikuwa ng'ambo na jembe lake. Akanipigia kelele, "Luka! Luka, wewe!"

Nikageuka kutazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu. "Baba, unamwita nani?"

"Namwita nani? Nakwambia uluke mtaro! Ama Kitale wamekufundisha kuogopa matope?"

Ruka, mwanangu. Yule wa juu ya ukuta hakuwa akimwita mtu. Alikuwa akimwambia mwenzake aruke. Alikuwa mtu wa kwetu, anaongea kama mimi na baba yangu, na mimi niliyezaliwa katika matamshi hayo nikasikia jina.

Nilikaa pale pale kwenye matope na viatu vyangu. Baba aliuvuka mtaro yeye, akaniuliza nina nini, nikamweleza yote nikilia. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Aliniuliza jambo moja tu, "Huo uso uliuona kabla hujasema jina, ama ni baadaye?"

"Ni baadaye, baba."

"Basi uso huo si wa macho yako. Watu walikupa, ukabeba. Kesho ludi Kitale, useme."

Alisema kesho. Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu kosa langu kubwa liko hapa. Nilirudi, nikaenda kituoni, na afisa akanicheka, "Fundi, kesi imeisha bana. Ama unataka tukufunge wewe kwa kudanganya korti?" Nikaogopa. Mke wangu alikuwa mjamzito. Nikajiambia, acha mtoto azaliwe kwanza. Alipozaliwa nikajiambia, acha Krismasi ipite. Karibu mwaka ukaisha nikiwa nashona suruali za watu. Mwishowe nilimwambia Babuji, yule yule niliyemtukana, naye akafunga duka mchana kweupe akanipeleka kwa wakili, nikaapa na kutia sahihi. Rufaa ikapangiwa tarehe. Lakini Luka alikuwa ameshaugua kifua kule gerezani. Alikufa wiki tatu kabla ya tarehe hiyo.

Nilienda kwao Luka, kule Kwanza, kwa miguu yangu. Nilimkuta mama yake amekaa nje, akipukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, sikumwona uso. Niliona mgongo. Na jina pia sikulisikia."

Hakupiga nduru. Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, halafu akasema, "Siku ile mimi nilikuamini. Ulisema vizuri sana. Nikarudi hapa nikawaambia watu huyu si mtoto wangu tena. Aliniandikia barua, nikakataa kusomewa. Jela sikuenda hata siku moja." Akachukua hindi lingine. "Mwanangu amekufa akijua hata mama yake alimwona na bunduki."



Kwa hivyo, mwanangu, ukiitwa kueleza ulichoona, eleza hicho, kisha ufunge mdomo. Kama uliona mgongo, sema mgongo, hata kama mji mzima unakudai uso, hata kama ulimpenda aliyekufa. Sema ulikuwa umesimama wapi, na kama ulikuwa umejificha, sema ulijificha, hakuna aibu. Jiulize ni nani aliyekupa jina. Na siku utakapojua umekosea, usingoje mtoto azaliwe. Nenda siku hiyo hiyo, hata wakikucheka, hata wakikutisha. Waliomuua Mwalimu hawajajulikana hadi leo, na mtu aliyewafichia njia ni mimi, niliyekuwa nikimlilia.

Mungu akupe subira pale maisha ya mtu yanapongoja neno lako, akupe na ujasiri wa kusema mapema, nimekosea. Na akuepushe usije ukapiga magoti mbele ya mama kama yule. Amina.