Sinia la watu sita, tumekula wawili

"Ukiguswa na povu la mwenye kifafa, umekipata."

Uongo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa povu, wala kwa kula pamoja.

Leo mtaani Kitaji tulikuwa kwenye msiba wa marehemu wifi yangu. Binti yake, Nyangeta, alianguka akatetemeka. Watu wakarudi nyuma wote. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikangoja mpaka akatulia.

Wakati wa chakula, mama aliyekuwa ananawisha watu mikono alitufikia mimi na Nyangeta, akatupita.

"Na sisi tuna mikono," nikamwambia.

"Nyie mtanawa wenyewe, dada."

Ugali na sangara vikaja kwenye sinia la watu sita. Tukakaa wawili. Hata dada yangu, shangazi yake Nyangeta kabisa, alihamia sinia lingine.

Nyangeta akaninong'oneza, "Shangazi, nenda tu kwa wenzako. Mimi nakulaga peke yangu."

Kwenye msiba wa mama yake.

Kina mama wa jumuiya yetu, najua mnasoma hapa. Kesho matanga yanaendelea. Msiniandikie pole. Mnawisheni mfiwa, mkae, mle naye.