Pilau Iliyotakiwa Maabara

Mkasa wa pilau ya mahafali ulitugharimu sufuria mbili za chakula, wagonjwa kumi na tisa na mpishi mmoja. Wagonjwa walipona. Sufuria zilisuguliwa zikarudi kazini. Mpishi, Bi Tatu wa Kinole, hakurudi, na mpaka leo, nimestaafu niko zangu Bigwa, sijui kama tulimwonea.

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi wa chakula katika jiko la chuo kimoja, njia ya Mzumbe, nilidhani usalama wa chakula ni kufukuza nzi. Bwana Afya aliyenipokea alinipa kipimajoto chenye ncha kama msumari.

"Huu ndio ulimi wako," akasema. "Wa mdomoni unadanganya."

Akanifundisha kwamba chakula kilichoiva kisikawie kati ya nyuzi tano na sitini, maana humo vijidudu huzaana. Kiwe cha moto, au kiwe cha baridi. Nikamuuliza: hizo sitini hazipunguziki kidogo, hamsini na tisa je?

"Wewe umetoka sokoni?"

Nilikuwa nimetoka sokoni kweli.

Lililonitesa zaidi ni sampuli. Kila chakula kikiiva, kibakuli kimoja kilifungiwa kwenye friji siku tatu. Watu wakiumwa, kinapelekwa maabara, wasipoumwa, kinamwagwa. Sasa mweleze mtu aliyelelewa na mama yake kwamba pilau ya nyama imehifadhiwa ili imwagwe! Kwetu hicho ni kiporo, na kiporo huliwa na chai. Nilibandika karatasi ya USIGUSE. Nilihesabu vibakuli asubuhi, nikavihesabu tena jioni, na hesabu mbili hizo hazikupatana hata kidogo.

Siku ya mahafali Bi Tatu alipika sufuria mbili, kwa iliki na mdalasini za kwao mlimani. Ya kwanza iliondoka ikifuka mvuke. Ya pili ilisubiri hotuba ya mgeni rasmi, na hotuba haikuwa na haraka. Makaa ya kupalia juu ya mfuniko yakafa. Nikapima katikati: sitini na mbili. Pembeni: hamsini na saba. Nikarudia, vilevile.

"Bi Tatu, ongeza makaa."

"Iungue, waseme sijui kupika? Niache baba."

Meneja wa Bwalo, mkubwa wetu sote, akapitisha kichwa dirishani: "Wageni wana njaa. Pakueni!"

Kesho yake zahanati ikajaa wanafunzi. Bwana Afya akaja kuchukua sampuli. Ya kachumbari haikuwepo. Sikuzote tuliona kisichopikwa hakihesabiki. Kibakuli cha pilau kilikuwepo, kimeoshwa kikang'aa.

"Nani kala?"

Meneja akainua mkono. "Mimi, asubuhi. Na mbona mzima?"

"Bwana Meneja, tumbo lako si maabara."

"Lakini limetoa majibu mapema."

Jiko zima likacheka, isipokuwa Bi Tatu. "Basi si pilau yangu," akasema.

"Hatujui, mama," akajibu Bwana Afya. "Kibakuli kilitoka sufuria ipi?"

Kilitoka ya kwanza. Sheria ilidai kibakuli kwa kila chakula, haikutaja sufuria. Nikazunguka kwa wagonjwa kuuliza walikula nini: wote pilau. Nikazunguka tena: watatu wakakumbuka walikula kachumbari na kuku tu. Hapo nikapotea kabisa.

Kamati ya chuo ilitaka mtu wa kufukuza. Nilijadiliana nao kama ninayepatana bei ya ndizi. Wao wakasema afukuzwe. Mimi nikasema karipio. Nikapanda hadi kuosha vyombo miezi sita. Hawakushuka hata hatua moja. Bi Tatu akakunja kanga yake ya jikoni, akaondoka.

Wiki iliyopita alikuja hapa kwangu, amezeeka, na hodi yake ni ileile.

"Mzee Mkude, sikukufuata unitetee," akasema, chai ikipoa mbele yake. "Tangu siku ile sijapika shughuli ya watu. Mjukuu wangu anaolewa, anataka pilau yangu. Niambie ukweli: ni mimi niliyewaumiza wale watoto?"

Nikaanza na sufuria ya kwanza, nikaenda ya pili, nikafika kwenye kachumbari, nikarudi. Akanitazama kama ninavyomtazama muuza nyanya anayekataa kutaja bei. Nikamwomba aje Ijumaa.

Nyinyi mlio majikoni sasa, nishaurini. Nikimwambia sijui, atapika au hatapika?