Mhina Aliuliza Tairi Ziko Wapi

Bado sijakubali. Jana tumemzika Mhina hapa Ngombezi, na asubuhi hii nimeshika simu nimpigie nimsimulie nani na nani walikuja mazikoni.

Anayeandika humu kwenye kundi letu la simu ni mjukuu wangu Zuhura, mimi nasema tu. Nimemkataza kunipamba.

Enzi za Mwingereza mimi na Mhina tulikuwa makarani wa hesabu kwenye shamba la mkonge. Tuliajiriwa wiki moja, mshahara mmoja. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, jamani, msibishe!

Lakini meneja akitaka kujua kama shamba fulani linafaa kununuliwa, alimwita Mhina. Mimi niliitwa baadaye, kunakili alichokiona Mhina. Wivu ulinila, sifichi.

Sisi wengine tulijumlisha, ikitimia tunafunga leja. Yeye hapo ndipo alipoanzia: faida hii imetoka wapi, na mwakani itapatikana tena?

Siku moja nikasikia lori la kubeba mahindi, Kwedizinga hadi Korogwe, linauzwa. Nilikuwa na akiba yangu na ng'ombe wa marehemu baba. Mwenye lori akanipa vitabu vya miaka mitatu, faida inapanda kila mwaka. Nikampelekea Mhina ili anisifu, si anishauri.

Akafunua kurasa, akafunua tena.

"Ndugu yangu, tairi ziko wapi?"

"Tairi gani?"

"Mwaka wa kwanza kanunua sita. Wa pili, nne. Huu wa mwisho hakuna tairi, hakuna spea. Lori lilitembea kwa miguu? Hiyo uionayo si faida, ni tairi utakazonunua wewe. Mpe nusu ya bei, akikataa muache."

Nikasema asante. Moyoni nikasema, huyu analitaka mwenyewe.

Nikanunua kwa bei ileile, bila kuomba kupunguziwa hata senti, ili Mhina aone.

Mvua za kwanza tu, njia ya Handeni, tairi mbili zikapasuka siku moja. Ikafuata giaboksi. Mwaka haukuisha nikaliuza kama chuma chakavu.

Mhina hakusema "nilikuambia." Alikuja na mkewe, wakaleta kuku, akauliza hali za watoto. Roho iliniuma zaidi. Bora angenicheka!

Sasa nisikilizeni. Pale sokoni Korogwe nilitangaza kwamba lori lilikuwa zima, ni mvua tu zilizoliua, na kwamba Mhina alinikatisha tamaa ili bei ishuke, alinunue yeye. Kwamba ndiyo kawaida yake, kuharibia watu. Wakaamini, maana nilikuwa rafiki yake.

Alikuwa anataka kuacha kazi afungue ofisi yake mjini, awapimie watu biashara kabla hawajanunua. Wenye maduka wakaacha kumpelekea vitabu vyao. Ofisi haikufunguliwa, akazeekea shambani.

Alijua ni mimi? Miaka yote hii tumekunywa chai pamoja, sikuthubutu kuuliza.

Jana watu walijaa mpaka barabarani. Nami, mzee mzima na mkongojo wangu, nikajikuta nawaza kama kwangu watafika nusu yao. Mungu anisamehe.

Wanawe mko humu. Baba yenu hakumharibia mtu. Mwongo ni mimi.

Mhina, maneno haya ulistahili kuyasikia ukiwa hai, nami nilikunyima. Pumzika salama, ndugu yangu.