Kifaa Changu cha Mlimani

Mimi na jirani yangu wa Nambis tulifunga vifaa vya kupima unyevu kwenye mashamba yetu ya vitunguu swaumu. Shamba lake liko bondeni, mtandao haufiki, kwa hiyo taarifa zake zilipitia kifaa changu cha mlimani. Nilitaka changu kilale muda mwingi, betri idumu. Yeye akapanga chake kitume kila dakika, apate cha kuwaonyesha watu baada ya ibada. Changu kikawa hakilali, kinabeba mizigo yake. Betri ikaisha nikiwa msibani Mogitu, nisijue shamba linahitaji maji, vitunguu vyangu vikakauka.

“Kifaa cha maskini hicho,” alisema mbele ya kanisa zima, akacheka.

Nilirudi shambani. Nikaweka betri mpya, nikakipanga kitume taarifa zangu tu, kisha kilale.

Jua kali lilipokuja, alikuja mbio. Simu yake ilikuwa bado inamwonyesha unyevu wa wiki iliyopita, na yeye aliiamini mpaka alipoona vitunguu vyake vinanyauka. Ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo na chai.

“Kifaa chako kina nini?”

“Kimelala, mzee. Cha maskini huchoka mapema.”

Alitaka kuinuka. Nikamwongezea kikombe kingine, jua limalizie kazi yake.