Nusu Saa Bila Kusimama

Ubao uliniangukia kichwani kwenye kiwanda cha mbao nilikokuwa nafanya kazi, Makambako. Daktari alisema ubongo umetikisika, na kulala tu hakutanisaidia. Kila asubuhi nitembee haraka nusu saa, moyo uende mbio, nisisimame isipokuwa kichwa kikianza kuuma.

Nikarudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Njombe, nikafuata neno kwa neno. Kwetu ukikutana na mtu mzima njiani unasimama, unamwamkia, unaulizia nyumba nzima. Mimi nilipita macho yakiwa kwenye saa. Shangazi yangu alinisubiri kila siku mbele ya nyumba yake, kajifunika blanketi kwa baridi, akiniita. Nilimpungia mkono tu. Kusema kweli, alikuwa ananikera.

Maumivu yakaisha. Nikapanga Jumapili nikashinde kwake. Ijumaa akafariki.

Msibani binti yake aliniuliza kama nimepona. Nikamjibu nimepona kabisa.

“Mama hakujua, kaka,” alisema. “Kila ukipita alirudi ndani analia. Alisema kichwa chako kimeharibika, humkumbuki tena.”