Shaba ya Mfereji wa Mama

Mie ndiye shangazi mtu, na kwetu Magogoni shangazi ndiye anayempamba bibi harusi. Sikuomba cheo hicho wala sikukinunua, kwa hiyo hakuna wa kuninyang'anya.

Kazi yangu ni vito. Nafua mikufu na vipuli kwenye karakana huko Bombolulu, mkongojo wangu nimeuegemeza ukutani, kwa shaba ya makufuli na mifereji mikuukuu ya bomba la maji. Binti wa kaka yangu amekulia chini ya meza yangu. Alipoingia chuo kikuu kusoma fizikia, kila likizo alikuja kukaa papo hapo, ananisimulia mambo ya nyota.

Alisema mwanzo wa ulimwengu hakukuwa na chuma wala shaba. Hidrojeni, heli na lithi kidogo sana, basi. Nyota za kwanza ndizo zilizokuwa jiko. Zilipika mpaka zikafika kwenye chuma, zikashindwa kuendelea, zikapasuka na kumwaga kila kitu. Dhahabu ni kisanga kingine: inataka nyota mbili zilizokwisha kufa zigongane, nazo huchukua muda mrefu mno kukutana. Sasa mbona nyota kongwe kabisa zimekutwa na madini mazito tayari?

"Yalitoka wapi mapema hivyo?" nikamuuliza.

"Labda kuna nyota zilizozunguka kwa kasi sana, zikapasuka kwa namna yake. Wangali wanabishana, shangazi."

Nilicheka. Ilinifurahisha kusikia kwamba na wao hawajui.

Mama alipofariki niliung'oa mfereji wa uani kwake, ule ambao binti huyu alikuwa akiukingia mdomo anywe maji alipokuwa mdogo. Binti alipochumbiwa nikauyeyusha, nikaufua uwe mkufu wa harusi yake.

Siku ya kupamba, mamake bwana harusi aliingia na kisanduku cha dhahabu ya kuazima. Akautazama mkufu mkononi mwangu.

"Mwenzangu, hii shaba. Watu watasema nini? Tena ikilowa jasho itamwachia mtoto shingo ya kijani."

"Itamwachia. Ndiyo tabia yake."

"Dhahabu ina asili yake, bwana."

Hapo nikapandwa na hamaki. "Asili gani? Asili ya dhahabu hata waliosoma hawajakubaliana. Hii yangu naijua, imetoka uani kwa mamangu. Na kabla ya hapo ilitoka nyotani, kama hiyo yako tu. Mie ndiye shangazi, na huu ndio mkufu."

Wanawake wakanigeukia, vikombe vya kahawa mikononi. Mdomo wangu ulikuwa mkali lakini ndani nilikuwa na hofu, wallahi. Bibi harusi akichagua dhahabu, nitashika mkongojo wangu nitoke mbele ya watu wote, na kazi ya mikono yangu itarudi kuwa vyuma chakavu.

Yeye akakifunga kile kisanduku kwa adabu, akamrudishia mkwewe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama. Nivishe, shangazi."

Nikamvisha. 

Asubuhi yake tulipeleka chai na mahamri kwa bwana harusi. Nikamkuta binti amekaa kitandani, shingo ina mstari wa kijani, kweli. Mkwewe alikuwa amemwekea ndimu kwenye kisahani ausugue. Ndimu ilikuwa bado nzima.