Kofia Ngumu Niliyoificha Asubuhi ya Idi

Jina langu na la kijiji chetu yabaki kwa mwenye ukurasa. Wengi wenu mkiniona mtaniamkia shikamoo, kwa hiyo marahaba wanangu. Nina miaka themanini na minane, mwalimu mstaafu, mjane, nakaa Tanga mjini kwa binti yangu. Moyo umechoka, na daktari hakunificha. Haya ninayoyaandika sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu.

Miaka ya hamsini tulikaa karibu na shamba la mkonge, upande wa Muheza. Kaka yangu, hapa nimwite Athumani, alikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba, akapewa pikipiki ya kuzungukia kambi za wafanyakazi. Ilikuja na kofia ngumu, ya kwanza kuonekana kwetu. Kaka hakupanda bila kuivaa, kwa sababu kazini alishafunga vichwa vingi vya watu walioanguka kutoka kwenye malori. Watu walimcheka. Kisimani wanawake waliniuliza, "Kaka yako leo kajitwika chungu, wali umeiva?" Nikawa narudi na debe langu kichwani, nimenuna.

Mimi nilikuwa msichana niliyesoma, tena hodari wa kushona kofia za viua, zile za kitambaa za kuvalia kanzu. Nilimshonea kaka moja ya Idi, kazi ya miezi. Yeye akaikunja, akaitia mfukoni, akavaa kofia ngumu mpaka msikitini. Alipoitoa yangu mfukoni ilikuwa na mkunjo katikati, na shangazi akasema mbele za watu kwamba kofia yangu imekaa kama sambusa. Nililia siku nzima.

Mwaka uliofuata nikashona nyingine, nzuri zaidi. Nikaitia wanga, nikaikausha juu ya bakuli lililofudikizwa hadi ikasimama wima. Nikaamua kwamba safari hii kaka ataivaa tangu mlangoni, na njia nzima waione. Asubuhi ya Idi, kaka akiwa anaoga, niliitoa kofia ngumu msumarini nikaificha jikoni, ndani ya pakacha la vifuu.

Kaka akaitafuta nyumba nzima. Mvua ilikuwa imenyesha, na wakati wa swala ulikuwa unapita. Jana yake pikipiki ilikuwa imeazimwa na rafiki yake Rajabu, fundi wa karakana ya shamba, kijana aliyekula kwetu kama mtoto wa nyumbani. Nilimwona kwa macho yangu akiirudisha na kuitundika kofia mahali pake. Lakini kaka aliponigeukia, nikasema, "Atakuwa nayo Rajabu."

Kaka akaguna. Akavaa kofia yangu, akaisawazisha mbele ya kioo, akaniambia mkono wangu umekua. Nilisimama mlangoni nikamtazama akiondoka, nikafurahi. Furaha ile ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Aliteleza kwenye reli ya matroli ya mkonge, pikipiki ikamwangusha, akapiga kichwa kwenye chuma. Mwili haukuwa na jeraha lingine la maana. Tulimzika alasiri ile ile.

Rajabu alikuja mbio na kanzu yake ya Idi imejaa tope. Mama akamsimamisha mlangoni.

"Kofia ya mwanangu iko wapi?"

"Niliirudisha jana, mama. Niliitundika msumarini."

Mama akanitazama mimi. Kutoka pale hadi jikoni ni kuvuka ua tu. Nikainamisha macho. Mama akamwambia Rajabu, "Jeneza la mwanangu usilishike." Na hakulishika. Alilifuata kwa nyuma, hakuna aliyekubali kutembea naye.

Matanga yalipokwisha nikaitumbukiza ile kofia chooni.

Rajabu alihamia Maramba. Kila Idi alikuja kumwapia mama kwamba aliirudisha, na kila Idi mama alimgeuzia mgongo, mpaka mama akafa. Mimi nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu kusema kweli. Hata leo mjukuu wangu hupanda pikipiki na kofia ameining'iniza kwenye usukani ili nywele zisiharibike, nami sithubutu kumkanya.

Wiki iliyopita binti yake Rajabu alipiga simu. Mzee yu hai, amedhoofu kama mimi. Akampa simu.

"Mdogo wangu," akasema, "miaka yote nimeapa kwamba niliirudisha. Sasa sina hakika tena. Labda nilidhani tu. Labda ni mimi niliyemuua. Nipe radhi nife."

Nikaiweka simu mezani. Binti yangu, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akaichukua, akamwambia aje Ijumaa baada ya swala.

Sasa nyumba nzima inanisifu. Wanangu wanasema mama ana moyo mkubwa, atamsamehe mzee wa watu. Wameshapanga wapike nini, na wajukuu wanataka kutupiga picha tukishikana mikono. Mimi usiku silali, na dawa za moyo nazitapika.

Nikimpa radhi, atakufa akiamini kwamba alimuua rafiki yake. Nikimwambia kweli, atajua kwamba hakukosa kamwe, na papo hapo atajua kwamba alifukuzwa kwenye jeneza, akahama kwao, akaanza kuishuku hata akili yake mwenyewe, yote kwa sababu mimi nilinyamaza. Anaweza kukataa kunisamehe, na ana haki. Wanangu nao watakuwa wamekaa pale wanasikiliza. Nimewaza kumwita pembeni nimnong'oneze, lakini yeye alihukumiwa mbele za watu.

Msiniambie kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa na akili zangu timamu, na nimekuwa nazo miaka yote hii. Ijumaa imekaribia. Nishaurini, wanangu: mzee yule akininyooshea mkono mbele ya nyumba nzima, nianze na neno gani?